Hakufa, Hajafa

Asubuhi ile Shangazi alipovaa miwani yake mpya na kuuliza gazeti la Jumamosi liko wapi, nilijua nimekwisha.

Kwa miaka sita Shangazi hakusoma kitu chochote kilichokuwa kidogo kuliko bango la barabarani. Maandishi ya kwenye chupa za dawa nilimsomea mimi. Barua nilimsomea mimi. Hata ujumbe wa Fundi Miwani wa kuniposa nilimsomea mimi mwenyewe, kwa sauti na kwa heshima, mpaka pale kwenye "binti yako ana staha". Sasa Fundi Miwani huyohuyo, katika mahangaiko yake ya kutaka kunioa, alikuwa amempima Shangazi macho na kumletea miwani ya fremu ya kahawia mpaka kitini kwake. Masikini, alidhani anajipendekeza kwa mkwe. Hakujua kwamba anamfungulia mchumba wake kesi.

"Gazeti la nini, Shangazi?" niliuliza, mgongo nimempa, najifanya napanga dawa za minyoo.

"La kusoma. Nimeambiwa lina kisa kila Jumamosi. Kifupi. Mama Cherehani anasema kinaisha kabla chai haijapoa."

"Leo halijaletwa."

"Litaletwa," akasema, akaifuta miwani kwa pindo la kanga na kuivaa tena. Alikuwa na furaha ya mtoto. Tangu alfajiri alikuwa akisoma kila kilichomkalia mbele: tarehe za kuharibika kwa dawa, kalenda, mpaka maandishi ya kwenye kiberiti.

Duka letu la dawa ni chumba kimoja. Mbele kuna wavu wa nondo kutoka sakafuni mpaka darini, umewekwa kwa ajili ya wezi, na katikati ya wavu kuna kidirisha ambacho mkono unapita lakini kichwa hakipiti. Najua kwa sababu nilishajaribu. Pembeni kuna mlango wa chuma wenye kufuli, na ufunguo wake Shangazi anauvaa shingoni kwa kamba nyeusi. Nyuma ya rafu kuna mlango mwingine, na huo unaingia moja kwa moja nyumbani kwetu. Basi mimi natoka chumbani naingia dukani, natoka dukani naingia jikoni, na jua nalipata vipande vipande. Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Simsingizii Shangazi. Alinichukua nina miaka minne, mama yangu akiwa amezikwa jana yake, akanilea peke yake bila kuolewa tena. Hakuwahi kunipiga. Hakuwahi kunikataza kitu. Angenikataza tungegombana, tukanuniana siku tatu, mambo yakaisha. Yeye aliugua. Mchumba akibisha hodi tu, moyo wake unakwenda mbio, miguu inavimba, anashika kifua na kusema kwa sauti ndogo, "We nenda tu, mwanangu. Mimi Mungu yupo." Niambieni, nani mwenye roho ya kuondoka akiambiwa hivyo?

Mchumba pekee ambaye hakumuuguza alikuwa Fundi Miwani. Duka lake na letu ni ukuta mmoja, na alishaahidi kwamba siku ya harusi atatoboa mlango katikati ili nisihangaike kuzunguka nje. Shangazi aliisifu busara hiyo wiki nzima. Mimi kila nikiutazama ule ukuta, pumzi ilinibana.

Na mimi nilishapenda. Nilimpenda mtu mmoja anayeitwa Mkasi.

Tulikutana kwa kosa langu. Kazi yangu dukani ni kuhesabu vidonge, kuvitia kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake: kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula. Ukiandika hivyo miaka kumi na moja, unazoea kusema jambo zima mahali pasipo na nafasi. Nikaanza kuandika na mengine, nyuma ya bahasha, wateja wakipungua: mwanamke aliyenunua dawa ya usingizi akaniuliza kama inafanya kazi kwa mume; mzee aliyekuja kila wiki kununua bandeji bila kuwa na kidonda, kwa sababu nilikuwa namwambia pole. Siku moja nikamtilia mtu dawa ya kichwa kwenye bahasha iliyokwisha andikwa. Kesho yake akarudi.

"Dada," akasema, ameinama kwenye kidirisha, "vidonge nimemeza, kichwa kimepona. Lakini hii ya nyuma imeniondolea usingizi. Ina maneno tisini. Arobaini hayana kazi."

"Na wewe ni nani wa kunihesabia maneno?"

"Mimi ndiye ninayekata pale gazetini. Kila Jumamosi tuna kisa cha maneno hamsini. Likizidi moja, nalikata."

Nikampa jina la Mkasi. Naye akaniita Kibahasha, na jina hilo ndilo likawa linachapwa chini ya visa vyangu. Kwa mwaka mzima alinifundisha kazi hiyo kidirishani, akinunua dawa ya kikohozi ambacho hakuwa nacho, Shangazi akisinzia hatua mbili nyuma yangu.

"Kisa kifupi hakina sebule," aliniambia. "Mgeni akiingia tu yuko jikoni, na chungu kinaungua."

"Na mwisho wake?"

"Toka kabla hujaagwa."

Alikuwa adui wa neno "ghafla". Alisema ukiliandika, msomaji ameshakuona unanyata. "Sana" alilifuta kila alipolikuta. Nikimbishia, alinipa jibu moja: "Unampenda sana au unampenda?" Nami nililifuta mwenyewe, maana alikuwa akiniuliza huku ananitazama kwa macho yale ya upole, na mimi nilikuwa nampenda bila hiyo "sana".

"Lugha yetu imetudekeza," alisema siku nyingine. "Neno moja lina mtendaji, wakati, tendo na mtendewa, wote wamepakatana humo ndani. Hesabu hili: nitakungoja. Maneno mangapi?"

"Moja."

"Na lina watu wawili na maisha yao yote."

Nilipoteza hesabu ya vidonge. Mteja wa siku ile alipata kumi na vitatu badala ya kumi, na nadhani mpaka leo ananiombea dua.

Mjomba wake alileta posa. Shangazi alishika kifua kabla chai haijamiminwa, mjomba akaaga kwa adabu, na hiyo ikawa imekwisha. Hiyo ilikuwa miezi mitatu kabla ya Jumamosi ninayoisimulia. Kisha gazeti likamhamisha Mkasi kwenda mji mwingine, na basi lake lilikuwa linaondoka siku ileile, saa sita mchana. Dada yake wa huko alikuwa tayari kunipokea nyumbani kwake mpaka wazee wamalizane. Asubuhi hiyo Mkasi alikuwa anakuja kuchukua jibu langu, ndiyo au hapana. Mimi niliyejifanya fundi wa maneno machache nilikuwa sina hata moja.

Aliyenimaliza ni Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa tatu. Alifika kununua dawa ya kichwa, gazeti kwapani.

"Shoga, umesoma?" alimwita Shangazi juu ya bega langu. "Leo nimecheka nusura nijidunge sindano. Kuna shangazi humo, kila mtoto akichumbiwa yeye anaanguka! Mwisho watu wanauliza hali ya mgonjwa, na mtoto anawajibu, hajafa!" Akapiga kofi. "Hajafa! Yaani bado!"

"Lete nione," akasema Shangazi.

Nilimpa Mama Cherehani vidonge vyake upesi kuliko nilivyowahi kumpa mtu dawa. Hakuondoka. Gazeti lilipita kidirishani juu ya mkono wangu, nami sikuwa na ujasiri wa kulikamata. Shangazi akalikunjua mapajani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti:

"Kila nilipochumbiwa, shangazi aliugua. Wa kwanza alirudi kwao. Wa pili alingoja, akachoka, akaoa jirani. Wa tatu yuko dirishani, anakohoa bila kikohozi. Ndani, shangazi kashika kifua. Nimemchemshia maji, nimemkanda miguu, nimemfunika shuka, nimemwimbia alivyoniimbia utotoni. Kumekucha. Majirani wamekuja kuuliza hali yake. Nimefungua dirisha, nimemtazama wa tatu, nimewajibu wote neno moja: hajafa."

Mama Cherehani alikuwa ameacha kucheka kwenye "wa pili". Alitazama nondo, akatazama kidirisha, akanitazama mimi. Akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme.

Tukabaki wawili. Nilisikia feni inavyolia darini, kitu ambacho kwa kawaida sikisikii.

"Kibahasha ndiye nani?" Shangazi akauliza.

Nilichukua kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi.

"Nilikuwa nashangaa," akasema taratibu, "bahasha zinavyokwisha. Nikadhani wagonjwa wameongezeka."

"Shangazi..."

"Wa pili ni yule mwalimu. Kweli alioa jirani. Nilikuwa nimemsahau." Akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. "Umeandika vizuri. Hapo pa kuniimbia, nimeliona shuka lenyewe. Sasa nifafanulie hilo la mwisho. Watu wakiulizwa hali husema hajambo. Wewe umesema nini?"

Ndipo mtu akakohoa nje.

Nimewahi kuaibika maishani, lakini sijawahi kuaibika hivyo. Mkasi alikuwa amesimama kidirishani na begi begani, shati alilolipiga pasi mwenyewe, kola upande mmoja juu na mwingine chini, na kile kikohozi chake cha uongo.

"Huyo hapo wa tatu," akasema Shangazi. "Karibu, baba. Leo hunidanganyi, nimevaa miwani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tulikuwa tunasoma kazi zenu. Nataka mniambie kitu kimoja, ninyi mnaojua kuandika. Hakufa na hajafa zina tofauti gani?"

Mkasi alinitazama. Nilitikisa kichwa kidogo, nikimaanisha usiseme chochote, lakini lini mwanamume alielewa kutikisiwa kichwa?

"Zote maana yake ni mzima, mama," akasema. "Yuko hai."

"Aa. Usinifanye mtoto. Hakufa, maana yake kifo kilikuja, kikashindwa, kikaenda zake, na watu wakamshukuru Mungu. Hajafa maana yake anangojewa." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nilipougua, mwanangu alikuwa ananiuguza au alikuwa ananingoja? Hilo tu nataka kulijua. Nikilijua nitalala."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, na ilinijia kwamba sina pa kwenda: nyuma yangu kuna rafu, mbele yangu nondo, kulia ukuta wa Fundi Miwani. Kwa mara ya kwanza nililitamani lile tundu alilotaka kulitoboa.

"Ni mimi," Mkasi akasema.

"Wewe nini?"

"Nililibadilisha mimi, mama. Yeye aliandika hakufa. Kazi yangu ni kukata na kubadilisha, ndiyo maana ananiita Mkasi. Niliona hajafa litawachekesha wasomaji. Sikumuuliza. Kosa ni langu, naomba unisamehe."

Alisema uongo ule vizuri, na macho hayakupepesa. Jinsi nilivyompenda dakika ile siwezi kueleza, na nilivyomkasirikia pia. Tangu anijue hakuwahi kunigusia neno bila kuniuliza. Alikuwa hata anakuja kuchungulia kidirishani mara tatu kwa siku kwa ajili ya nukta moja.

Shangazi aliegemea kiti. Uso wake ulilainika, nikaona jinsi alivyokuwa akiutaka uongo ule. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Basi," akasema. "Nilijua. Mtoto niliyemlea kwa mikono hii hawezi. Nimekusamehe, baba. Lakini na wewe utanielewa. Mtu anayecheza na kifo changu gazetini ili watu wacheke, siwezi kumkabidhi mwanangu. Nenda salama. Na wewe, mwanangu, sitalitaja tena neno hili mpaka naingia kaburini. Leo jioni Fundi Miwani anakuja kuchukua jibu."

Mlango ulifungika hivyo, jamani, bila kelele na bila mtu kushika kitasa. Ningenyamaza, ningebaki na Shangazi anayenipenda na anayeamini kwamba nilimuuguza kwa moyo mweupe. Mkasi angepanda basi saa sita akiwa mkosaji. Ningesema kweli, ningempata labda, lakini ningemvunja mtu aliyenifungia kamba za viatu. Kila upande kulikuwa na mtu ninayempenda, na kila upande ningemkosa mmoja.

Mkasi akainua begi. "Kwaheri, Kibahasha," akasema. "Usiache kuandika."

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

"Saa tano na robo."

"Subiri."

"Hapana," akasema, akainama kidirishani. "Usiseme. Nakuomba. Toka kabla hujaagwa, nilikufundisha."

"Hiyo ni kwa visa. Mimi ni mtu."

Nikageuka. Sikumbuki kama nilipanga cha kusema. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Shangazi.

"Hakulibadilisha yeye. Niliandika mimi."

"Nyamaza wewe," Shangazi akasema upesi. "Ameshasema ni yeye."

"Anasema uongo kwa ajili yangu. Shangazi, nisikilize. Nilikwisha andika hakufa. Nilihesabu, yakatimia hamsini. Ukaniita nije nikugeuzie mto. Nikakugeuzia. Ukasema sogeza kidogo kulia, nikasogeza. Ukasema hapana, kushoto. Nikasogeza. Nikarudi kwenye bahasha yangu, nikafuta, nikaandika hajafa. Nilicheka peke yangu. Kisha nililia, lakini lile la kwanza sikulirudisha."

Gazeti lilimteleza mapajani, likaanguka miguuni.

"Yote mengine ni kweli pia," nikaendelea, machozi yananiingia mdomoni. "Maji niliyachemsha kwa mapenzi. Miguu niliikanda kwa mapenzi. Nikikuimbia huwa naimba kweli. Na huku nikiimba, nachungulia dirishani."

"Ulikuwa unangoja nife."

"Nilikuwa nangoja kitu kiishe. Sikujua ni kipi. Nimechoka, Shangazi. Nakupenda na nimechoka, na sikuwahi kupata nafasi ya kuyasema yote mawili."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo, unashika kifua!"

Mkono wake ulikuwa tayari njiani. Nadhani ulikuwa unakwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Ulifika juu kidogo ya matiti, vidole vimeshajikunja, na Shangazi akashusha macho, akauona. Aliutazama mkono ule kupitia miwani yake mpya kwa muda mrefu, akautazama wote, na mishipa yake, na pete ya marehemu mumewe. Kisha akaushusha, akauweka pajani, akaufunika na mwenzake.

"Inauma kweli," akasema. "Usidhani naigiza. Wakija, inauma kweli."

"Najua."

"Hujui. Mama yako alinipa mtoto, hakunipa maelekezo ya jinsi ya kumrudisha."

Nililia kwa sauti, sikujali nani anapita nje. Nilitaka kuingia tena mapajani pake. Angenivuta dakika ile, ningekaa, na hadithi hii msingeisikia.

Hakunivuta. Aliinua mikono, akavua kamba shingoni. Ikanasa kwenye mkono wa miwani, akaikwamua taratibu asije akaivunja. Akaushika ufunguo mbele yangu.

"Nenda," akasema.

Nimesoma visa vya maneno hamsini, vya thelathini, mpaka kimoja cha kumi na mbili alichoniletea Mkasi na kukisifia mwezi mzima. Hiki cha neno moja kilinishinda. Nilimtazama usoni nikitafuta maneno yaliyokatwa. Ilikuwa nenda ya kumfukuza mtoto mwenye laana, au nenda ya kumwaga msafiri? Sauti haikuwa ya hasira. Haikuwa na upole pia.

"Shangazi, nenda ipi?"

"Wewe si ndiye mwandishi?"

"Nakuomba uongeze neno. Moja tu."

"Saa inakwenda," akasema, akanitilia ufunguo kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa vidole vyake. Vilikuwa baridi.

Nilinyanyuka. Nilivua koti jeupe la duka, nikalitundika, nikalinyoosha bega lake lililokuwa limepinda, kwa sababu mtu akiogopa hufanya mambo ya kipuuzi. Kufuli lilikuwa gumu, nilikosea upande wa kuzungusha mara mbili. Mkasi alikuwa nje karibu yangu lakini hakuingiza mkono kunisaidia, hakuniambia haraka, hakusema chochote. Nilimshukuru kwa kimya kile kuliko kwa yote aliyowahi kunifundisha.

Mlango ukafunguka, nikatoka.

"Una begi?" aliniuliza.

"Sina."

"Dada ana nguo."

"Dada yako ana mwili wangu?"

"Ana cherehani," akasema, na tulikaribia kucheka, lakini hatukuweza.

Nilikuwa nimepita nje ya duka letu mara nyingi, kwenda sokoni na kurudi mbio, ila sikuwahi kusimama upande wa wateja na kutazama ndani. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyojua. Mwanamke mzima alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nondo, miwani ya kahawia puani, gazeti miguuni, na kutoka pale nje hukuweza kujua nani kamfungia nani. Nilimhurumia, nikajihurumia. Mkasi hakunishika mkono. Alitazama saa yake, akaificha chini ya mkono wa shati ili nisiione.

"Siwezi," nikamwambia. "Sijui kama amenifukuza. Siwezi kuondoka bila kujua."

Ndani, Shangazi alisimama. Alishikilia meza, akapumzika, akasogeza kiti changu mpaka kwenye kidirisha, akakaa. Alivuta kalamu yangu karibu, akapanga mikono yake juu ya meza kama nilivyomwona akiipanga nilipokuwa mdogo, wakati duka hili alikuwa akiliendesha peke yake na mimi nikicheza na makopo chini. Akaniinamia kwenye tundu lile.

"Unaumwa wapi?" aliniuliza, kama anavyoulizwa mteja yeyote.

"Kote, Shangazi."

Alitazama rafu za kulia, akatazama za kushoto, sawasawa na mtu anayetafuta kweli.

"Hiyo dawa sina, mwanangu," akasema. "Wahi gari."

Akafunga kidirisha kabla sijauona uso wake.